Treni inasema kilomita 700, uwanja wa ndege unasema 70: nchi yangu ya kubuni niipe skeli gani?

Mchoraji wa Chumbageni, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nina nchi. Duniani haipo, ipo ukutani chumbani kwangu, na jina lake ni Ulindizi. Nimeichora kwa penseli na kalamu za wino kwenye karatasi ya A1. Kutoka mpaka wa kaskazini hadi rasi ya kusini ni sentimita 70, na pale ilipotanuka zaidi ni 40. Mashariki ni bahari, mikoko na mji mkuu, Kilangoni. Magharibi kuna ziwa jembamba, na kabla hujalifikia unakutana na Mlima Babu wenye theluji kileleni, mita 5,500. Nchi ina mikoa tisa, reli moja na mgogoro wa mpaka na jirani wa kaskazini (mgogoro ni wa makusudi, naupenda).

Jina lipo, fremu ipo, dira ipo, ufunguo upo, kama tulivyokaririshwa kwenye Maarifa ya Jamii. Nafasi ya skeli ndiyo tupu mpaka leo, kwa sababu kila ninachokishika kinipe jibu kinanipa la kwake.

Nilianza na uwanja wa ndege. Njia ya kurukia pale Kilangoni ina sentimita 3. Ile kubwa ya JNIA, uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ina mita 3,000. Basi sentimita moja ni kilomita moja, yaani 1:100,000, na Ulindizi yote ina urefu wa kilomita 70. Unguja peke yake ina kama 85! Mikoa tisa itakaa wapi?

Nikaenda kwenye treni. Katika hadithi ninazoiandikia nchi hii, treni inaondoka Kilangoni saa kumi na mbili jioni na kuingia Ngazi Saba, mji wa chini ya mlima, saa kumi na mbili asubuhi. Reli yenyewe nimeipima kwa uzi: sentimita 45. Nikiipa kilomita 40 kwa saa napata kilomita 480, sentimita moja inakuwa kilomita 10 na kitu, na nchi inafika kilomita 700 na zaidi. Mikoa inakaa raha mustarehe. Ila sasa ndege zina njia ya kurukia ya kilomita 30, na Kilangoni, ambayo nimeichora mtaa kwa mtaa, ina upana wa kilomita 60.

Nikajaribu kusuluhisha kwa kukata katikati, 1:500,000. Hakuna aliyeridhika: uwanja wa ndege bado ni wa ajabu na treni inatambaa.

Kwa hiyo naomba kuelekezwa. Vitu vikigombana hivi, kipi kinatawala? Na je, mji ndio nifute? Mitaa ile imenigharimu wino mwingi.

Jicho la Kunguru, Dodoma

Andika "Skeli: Mungu ndiye ajuaye" halafu piga mhuri. Nchi ni yako, nani atakuja na futi kamba kukukagua?

(Nasubiri wataalamu, na mimi nina visiwa vyangu.)

Bikoni ya Zamani, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma habari ya Ulindizi mpaka mwisho na nimefurahi, maana vijana wengi wakianzisha nchi wanaanza na bendera.

Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kuchora na kukagua ramani, enzi za kalamu za wino kabla kompyuta hazijatuingilia ofisini, na nyingi zilikuwa za 1:50,000. Nitakujibu kama tulivyokuwa tukibishana pale mezani.

Kwenye ramani ya nchi kinachotawala ni umbali kutoka mahali hadi mahali. Upana wa vitu haujawahi kutawala. Chukua ramani ya ukutani ya Tanzania, utafute barabara ya Dar kwenda Morogoro. Kama ramani ni ya 1:1,000,000 na barabara imechorwa kwa mstari wa milimita moja, mchoraji amekuambia kwamba barabara hiyo ina upana wa kilomita moja. Ni uongo mtupu, na sijamsikia dereva aliyelalamika. Lakini aiweke Chalinze mahali pa Mlandizi, uone simu zitakavyopigwa. Mchora ramani ana ruhusa ya kunenepesha, hana ruhusa ya kuhamisha.

Nisiseme uongo na mimi: kuhamisha tunahamisha kidogo. Reli, barabara na mto vikipita kwenye bonde moja jembamba, na kila kimoja kimenenepeshwa ili kionekane, havienei. Inabidi kimoja kisogee. Ila tunasogeza nusu milimita, hatusogezi wilaya.

Sasa wapange mashahidi wako. Treni inashuhudia umbali. Njia ya kurukia ndege na upana wa mji vinashuhudia unene, na shahidi wa unene kwenye ramani ya nchi simsikilizi. Lakini treni nayo ni shahidi mmoja, na mmoja hatoshi. Kuna mwingine umemtaja na hukumwita. Mlima Babu, kutoka mguu wa mashariki hadi mguu wa magharibi, una sentimita ngapi?

Mchoraji wa Chumbageni, Tanga

Sentimita 9, mzee. Tambarare inayouzunguka nimeiwekea mita 500 kutoka usawa wa bahari.

Bikoni ya Zamani, Morogoro

Vizuri. Kwa hiyo mtu anapanda mita 5,000 ndani ya sentimita 4 na nusu za karatasi.

Kwa 1:100,000 hizo ni kilomita 4 na nusu za mlalo. Anapanda zaidi ya anavyosonga mbele, kuanzia shambani hadi kileleni. Huo ni ukuta. Kwa 1:1,000,000 ni kilomita 45. Linganisha na kitu kilichopo: kutoka Kibo hadi Moshi mjini kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 31, na unashuka karibu mita 5,000. Mlima wako basi ni mpole kidogo kuliko Kilimanjaro upande wa Moshi, jambo linalowezekana kabisa. Treni na mlima hawakukaa pamoja kupanga ushahidi, na wote wawili wanataja milioni moja au karibu yake. Mimi ningefunga kesi hapo.

Ukishaandika 1:1,000,000 ujue umejifunga. Kwa mfano kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Kwenye karatasi zetu za 1:50,000 tulizoea kontua kila mita 20. Ukitaka hizo kwenye Mlima Babu, unatakiwa kupitisha mistari 250 ndani ya milimita 45. Mstari mmoja hadi mwingine haufiki robo ya milimita, na wino wenyewe una unene wake. Utapata doa jeusi. Tumia kontua kila mita 500: mistari kumi, wastani wa milimita 4 na nusu kati yao, ikikaribiana zaidi juu kwa sababu kilele huwa kimesimama kuliko miguu. Ukikuta imeachana sawasawa kuanzia chini hadi juu, umechora rundo la unga.

Mito vivyo hivyo. Kama mto wako mkubwa una unene wa milimita 3, wataalamu watausoma kilomita 3. Ufanye mstari mmoja wa bluu unaonenepa taratibu kuelekea baharini, watu wanaelewa kwamba hiyo ni alama. Ziwa ni tofauti, lile lina eneo, litii skeli.

Eneo la nchi lipate kwa karatasi ya grafu ya kuonyesha nuru. Iweke juu ya ramani, hesabu miraba ya sentimita moja iliyomo ndani ya mpaka. Mraba uliokatwa, ukizidi nusu hesabu, usipozidi acha. Kwa 1:1,000,000 kila mraba ni kilomita 10 kwa 10, kilomita za mraba 100. Ukipata miraba 1,700, Ulindizi ina kilomita za mraba 170,000. Uganda ina kama 241,000, Rwanda ina 26,338. Utajua umesimama wapi na majirani.

Na mji usiufute hata mtaa mmoja. Haukuchorwa vibaya, umekaa kwenye karatasi isiyo yake. Utakatie karatasi nyingine. Kwenye ramani ya nchi, Kilangoni ikiwa kweli ina upana wa kilomita 6, itabaki milimita 6, kaumbo keusi na jina pembeni. Uwanja wa ndege unakuwa alama ya kindege, nao usiandike urefu.

Kuna atakayekushauri uchore nchi nzima kwa 1:50,000 ili kila njia ya miguu ionekane. Kilomita 700 kwa skeli hiyo ni mita 14 za karatasi. Kilomita 400 ni mita 8. Tafuta ukumbi wa harusi. Ndiyo maana nchi hukatwa vipande: karatasi moja ya 1:50,000 huku kwetu ina dakika 15 za longitudo kwa dakika 15 za latitudo, karibu kilomita 27 na nusu kila upande, na hapo unapata sentimita 55 za mchoro. Ulindizi ingehitaji karatasi mia mbili na ushee. Chagua mbili tatu zenye mambo: bandari, Ngazi Saba, mpaka wenye ugomvi. Nyingine ziandike tu namba kwenye kielezo cha karatasi, yaani kile kiramani kinachoonyesha karatasi zote na namba zake, watu wakiona kielezo wataamini zipo kabatini.

Mwisho wa Reli, Kigoma

Mzee Bikoni, kwa heshima zote, naomba nimsogelee huyu shahidi wako treni.

Sisi huku tunaishi na reli ya kati, ile ya Mjerumani, iliyotufikia mwaka 1914. Dar hadi Kigoma kwa reli hiyo ni kilomita 1,250 hivi. Ukikaa ndani ya behewa ndipo unajua kwamba kilomita 40 kwa saa ni mwendo wa treni ikiwa inatembea. Inasimama. Inapishana na ya mizigo. Inapakia ndizi. Dar hadi Dodoma kwa njia hiyo ni kama kilomita 455, unapanda jioni na kuamka asubuhi hujafika au ndiyo unakaribia. Kwa hiyo saa 12 kamili za kijana huyu mimi naziona kilomita 360, labda 400.

Na kuna la pili. Reli inapinda kuliko mchoro. Dar na Dodoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 395, reli ikaongeza 60 kwa kukwepa vilima na kufuata mabonde. Kwenye karatasi ya 1:1,000,000 huwezi kuchora kila pindo, unalainisha. Kwa hiyo hizo sentimita 45 za uzi ni fupi kuliko reli yenyewe. Ukiweka yote mawili pamoja, sentimita moja inakuja kama kilomita 8, au hata pungufu. 1:750,000 ingekuwa ya haki zaidi, na nchi ingekuwa na kilomita 525.

Kama hadithi zako zina misafara ya miguu pia, tahadhari ni ileile. Watu husoma kwamba msafara ulitembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku, wanazidisha. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba. Njia hiyo ni kama kilomita 800. Gawanya uone: siku za kungoja wapagazi, homa, hongo ya kuruhusiwa kupita na mvua ndizo zilizokuwa nyingi. Ukitaka skeli kwa safari, chukua safari nzima pamoja na vituo vyake, usichukue mwendo.

Bikoni ya Zamani, Morogoro

Mwisho wa Reli, umesema kweli yote na bado simpi 1:750,000.

Mlima unakubali: sentimita 4 na nusu zinakuwa kilomita 33 na kitu, karibu sawasawa na Kibo na Moshi. Kinachonizuia ni kichwa cha msomaji. Kwa milioni moja, mtu anaweka kidole, anasema sentimita 7, kilomita 70. Kwa 750,000 anasema sentimita 7, mara saba na nusu, hamsini na… anaacha. Ramani ambayo msomaji anaacha kuihesabu haina skeli hata kama imeandikwa.

Ratiba ya treni ni ya kijana mwenyewe. Iondoke Kilangoni saa tisa alasiri, iingie Ngazi Saba saa mbili asubuhi. Saa 17, reli kilomita 500 na kidogo pamoja na mapindo, mwendo wa wastani kilomita 30 kwa saa na vituo vyote. Wewe wa Kigoma utaipanda bila kinyongo.

Bi Pikseli, Mombasa

Hamjambo nyote. Mimi hizi nchi za kubuni nazichora kwenye kompyuta, na nimo kwenye OpenGeofiction, ile dunia ya kubuni ambayo watu huichora pamoja kwa zana zilezile za OpenStreetMap, ramani ya dunia halisi inayochorwa na watu wa kujitolea. Kule skeli hukuulizwi, imeshawekwa ndani: kila nukta ina latitudo na longitudo. Utadhani shida imekwisha. Wapi! Wageni wengi wanaingia na barabara za upana wa uwanja wa mpira.

Shida ya skrini ni kwamba unakuza na kupunguza hadi unasahau uko urefu gani angani. Kwenye ramani za aina hiyo, ukiwa ikweta, pikseli moja, yaani kidoa kimoja cha skrini, kwenye kiwango cha 16 cha kukuza ni kama mita 2.4, na kila ukiongeza kiwango kimoja inakatwa nusu, kwa hiyo kiwango cha 18 ni sentimita 60. Mtu anachora nyumba akiwa kiwango cha 14, pikseli ni karibu mita 10. Nyumba ya pikseli nne kwa tatu inakuwa ghala la bandari. Na kuna suala la latitudo. Ramani hizo zinatumia Merkata, njia ya kuitandaza dunia kwenye bapa, inayotanua vitu kadiri unavyoenda mbali na ikweta. Huku kwetu hutaona kitu. Ukiiweka nchi yako latitudo 60, kila kitu kinaonekana mara mbili ya urefu wake, na ukinakili umbo la mji wa huku ukaubandika kule kwa macho, umepata mji wa nusu kipimo. Kaka wa Chumbageni, wewe wa karatasi hayo yamekupita, lakini ukija kuiingiza Ulindizi kwenye kompyuta yakumbuke.

Ninachotaka kusema hasa ni kuhusu Kilangoni, maana mzee ameihamisha na hajaipa skeli yake.

Chukulia ni kilomita 6 kwa 4. Njia ya kurukia ya sentimita 3 inakubaliana na hiyo, 1:100,000. Sasa hesabu mitaa. Huku Kenya kiwanja cha mjini watu wanakijua kama hamsini kwa mia, futi, yaani mita 15 kwa 30. Huko kwenu matangazo yote ni mita 20 kwa 20. Weka safu mbili za viwanja vya 20 kwa 20 zinazopeana mgongo, ongeza barabara ya mita 10: mtaa hadi mtaa ni mita 50. Kwa 1:100,000 hiyo ni nusu milimita. Huwezi kuwa umechora hivyo kwa mkono. Nadhani mitaa yako ina milimita 2 au 3 kati yake, ndiyo kusema kuna mita 200 au 300 za nyumba bila njia. Watu wa katikati wanapitia wapi, uani kwa wenzao?

Kwa hiyo Kilangoni ikuze mpaka 1:10,000. Nusu milimita inakuwa milimita 5, unapumua. Mji wote unakuwa sentimita 60 kwa 40, unaingia kwenye A1 nyingine bila kukunjwa. Mstari mwembamba kabisa ambao jicho linauona vizuri ni kama milimita 0.2, na kwa skeli hiyo ni mita 2, kwa hiyo hata vichochoro vya mji wa kale vinachoreka kwa upana wao wa kweli. Uwanja wa mpira, mita 105 kwa 68, unakuwa milimita 10 na nusu kwa karibu 7. Kata kikaratasi cha kipimo hicho, ukitembeze juu ya mchoro unapoendelea kuchora. Mimi nina cha kidijitali, sikitoi kwenye skrini. Soko likizidi viwanja vya mpira kumi najiuliza mara mbili.

Kisha upande wa watu. Kisiwa cha Mombasa, bila bara, kina kama kilomita za mraba 14. Kilangoni ya kilomita 24 za mraba haifiki visiwa viwili. Nchi ya kilomita za mraba 170,000 ikiwa na watu 70 kwa kilomita ya mraba, ambayo haiko mbali na Tanzania bara, ina watu karibu milioni 12. Mji mkuu wao ni huo tu? Uliouchora ni mji wa zamani na mitaa inayouzunguka. Vitongoji hujavichora, na uwanja wa ndege uko huko nje, haupo katikati ya mji kama ulivyouweka. Hiyo ni habari njema: hakuna cha kufuta, kuna cha kuongeza.

Reli yako nayo iangalie inapoingia mjini. Treni ya zamani inapinda kona kali kiasi. Ukitaka kuipa Ulindizi treni ya kisasa ya kilomita 160 kwa saa, kona zake zinataka nusukipenyo cha kilomita moja na zaidi. Kwa 1:10,000 hiyo ni sentimita 10 na zaidi za bikari. Haitapita kwenye mitaa yako bila kubomoa, na hapo umepata hadithi nyingine.

Mchoraji wa Chumbageni, Tanga

Dada, nimeenda kupima. Kati ya mtaa na mtaa ni milimita 2 na nusu. Wa katikati wanapitia uani kwa wenzao, ndiyo.

Nimeamua: nchi 1:1,000,000, Kilangoni 1:10,000 kwenye karatasi yake, treni inaondoka saa tisa. Nimehesabu miraba, imetoka 1,640. Asanteni sana.

Limebaki moja, na mzee umelitaja kwa juujuu. Mpaka wa kaskazini unafuata mto, una vipindo vingi. Kwenye ramani yangu, kwa uzi, ni sentimita 31, kilomita 310. Lakini nilishaandika kwenye hadithi kwamba jirani anadai mpaka huo ni kilomita 380. Nilitaka tu kuonyesha kwamba hawaelewani. Sasa nikiwa na skeli, mmoja wao si anakuwa mwongo?

Bikoni ya Zamani, Morogoro

Hakuna mwongo, na umeokota kitu kizuri bila kujua.

Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, alikusanya urefu wa mipaka kama nchi zenyewe zilivyoitangaza. Hispania ilisema mpaka wake na Ureno ni kilomita 987. Ureno ikasema mpaka huohuo ni 1,214. Mto na mgongo wa mlima vina vipindo ndani ya vipindo, na kila ukipima kwa hatua fupi zaidi unaingia kwenye vipindo ambavyo mwenzako aliviruka. Ndiyo maana hata urefu wa mwambao ukiutafuta utakuta kila kitabu na namba yake.

Kwa hiyo chukua uzi wako ukapime mpaka uleule kwenye mchoro mkubwa zaidi. Chora kipande hicho kwa 1:250,000, mto ukiupa vipindo vyake vinavyostahili. Kilomita 310 za zamani zinakuwa zaidi ya sentimita 120, kwa hiyo kata vipande viwili. Pima tena. Ikija 370 au 380, jirani yako hakudanganya, alipima kwa ramani bora.

Halafu jambo la mwisho kabla hujapaka wino. Chini ya namba ya skeli chora na mstari wa skeli, ule uliogawanywa kwa kilomita: 0, 20, 40, mpaka 100. Najua utaipiga picha kwa simu na kuiweka hapa. Ikishaingia kwenye simu ya Jicho la Kunguru, 1:1,000,000 inakuwa maneno matupu, maana karatasi imeshakuwa ndogo kama kiganja. Mstari unapungua pamoja na nchi, kwa hiyo bado atapima.

Jicho la Kunguru, Dodoma

Nimetajwa. Na futi kamba ninayo.

Mchoraji wa Chumbageni, Tanga

Mzee, nimepima kipande cha mashariki pekee kwa 1:250,000. Kile kilichokuwa kilomita 140 kimekuja 173. Kwa mwendo huo mpaka wote unafika 380 ya jirani bila kusukumwa.

Tatizo ni kwamba sasa Ulindizi ndiyo yenye ramani mbovu, na mimi ndiye serikali yao.

Bikoni ya Zamani, Morogoro

Basi wape wapimaji bajeti.